Wasomaji Wanauliza: Sari nyekundu iliyokaa sandukuni Kirumba

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kirumba, Mwanza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi nguo, na kwa miaka mingi aliweka cherehani chake kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na Makoroboi. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa asili ya Gujarati, na mkewe alishibana sana na bibi. Familia ile ilipohama nchini miaka ya 1970, mama yule alimwachia bibi sari yake ya harusi. Bibi hakuivaa hata siku moja; aliihifadhi kwenye sanduku la bati hadi alipofariki mwaka jana. Ni nyekundu, ina vidoa vidogo vyeupe na vya manjano, na nyuzi za dhahabu zimeigawa katika visanduku vyenye maua, tembo na wanawake wanaocheza. Imejaa makunyanzi, nyuzi za dhahabu zimeingia weusi, na kama mita moja kutoka kwenye ncha yenye mapambo mengi kuna doa la mafuta. Mdogo wangu anataka tuifue, tuipige pasi, kisha tuikate tupate foronya za mito ya sebuleni. Mimi nimewahi kuona picha za sari zinazofanana nayo zikiwa makumbusho, nikajizuia. Je, hii ni sari ya namna gani, na inafaa kufuliwa?
Mwalimu, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na bibi.

Umefanya vyema kujizuia. Naomba sari hiyo isiguswe na maji, pasi wala mkasi mpaka uwe umemaliza kusoma jibu hili, na mdogo wako alisome pia, kwa sababu yale yanayomkera, yaani makunyanzi, weusi wa nyuzi na doa la mafuta, ndiyo ambayo mtunzaji wa makumbusho angeyainamia kwanza. Nguo iliyovaliwa hubeba habari za aliyeivaa na za aliyeitengeneza, na ukiifua kabla ya kuisoma unazifuta.

Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni gharchola, sari ya harusi ya Wagujarati, hasa Wahindu na Wajaini. Kwa desturi yao bibi harusi hupata nguo mbili: panetari, ambayo ni nyeupe yenye mapindo mekundu na hutoka kwa mjomba wake, na gharchola, ambayo hutoka ukweni. Basi nguo uliyo nayo ndiyo ambayo mama mkwe alimpokelea mke wa mwanawe, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari huko Usukuma au Ukerewe ataelewa uzito wake bila kufasiriwa. Hesabu visanduku vyake. Gharchola za jadi hufuata hesabu maalumu, na ile ya visanduku 52 huitwa kwa Kigujarati bavan baug, maana yake bustani 52.

Ukiitazama kwa jicho la kanga utaielewa upesi. Kanga ina mji, pindo na jina. Sari nayo ina mji, tena mrefu mno, kwa kuwa sari ya kawaida huwa na mita tano na zaidi kwa urefu, na upana unaozidi mita moja kidogo. Ina pindo, linalokwenda pande mbili ndefu. Na mahali pa jina ina palu, yaani ile ncha yenye mapambo mengi uliyoitaja. Wanawake wa Kigujarati huileta palu kutoka mgongoni, ikapita juu ya bega la kulia na kuangukia kifuani, ili mapambo yaonekane mbele. Siku ya harusi palu hufunika na kichwa. Sasa lirudie lile doa: liko kama mita moja kutoka nchani, yaani pale pale ambapo nguo ingelala juu ya nywele zilizopakwa mafuta. Kwa mashaka yangu yote ya mtu asiyeiona nguo yenyewe, nadhani doa hilo linaonyesha jinsi mama yule alivyojifunika siku ile, na hakuna barua wala picha inayoweza kulieleza jambo hilo kwa usahihi kuliko nguo yenyewe.

Nikija kwenye makunyanzi, hapa ndipo ningependa tukae zaidi. Vidoa unavyoviona havikuchapwa wala havikupakwa kwa brashi, bali vilifungwa. Ufundi huo huitwa bandhani, kutokana na neno lenye maana ya kufunga, na vituo vyake vikubwa ni Kutch na Jamnagar huko Gujarati, pamoja na Rajasthan. Kwanza kitambaa hufumwa kikiwa na ile miraba ya zari, yaani zile nyuzi za dhahabu, ndani yake. Kisha hukunjwa tabaka mbili au nne, kikachapwa alama za mchoro kwa rangi inayotoka kwa maji, na kupelekwa majumbani kwa wanawake wafungaji. Mfungaji huinua kwa ncha ya ukucha nukta ya kitambaa yenye ukubwa wa punje ya ulezi, huizungushia uzi kwa nguvu mara kadhaa, kisha huhamia nukta inayofuata bila kuukata uzi, na kwa sari moja hurudia tendo hilo mara maelfu. Rangi hutiwa kuanzia iliyo hafifu kwenda iliyokolea: nukta zilizofungwa mwanzo hubaki nyeupe, nguo ikachovywa kwenye manjano, zikafungwa nyingine ili zibaki za manjano, ndipo nguo nzima ikaingizwa kwenye nyekundu. Mwisho wa yote watu wawili huivuta nguo, nyuzi zikafyatuka, na kila palipofungwa hubaki kichuguu kidogo kilichosimama.

Makunyanzi ya sari yako, mwanangu, ndivyo vichuguu hivyo. Wauzaji walizoea kuiuza nguo ikiwa bado imefungwa sehemu au yote, ili mnunuzi ashuhudie kwamba ni kazi ya mkono. Ukiipiga pasi, vichuguu hulala na havisimami tena, na sari ya kufungwa hubaki ikifanana na ya kuchapwa. Niliwahi kuonyeshwa mtandio wa bandhani uliotoka kwa dobi ukiwa umenyooka kama shuka la hoteli. Mwenyewe alikuwa amefurahi, nami nikashindwa kumweleza.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie kidoa kimoja. Kidoa cha kufungwa huwa kama kipete kisicho duara kamili, na mara nyingi katikati yake pana nukta ndogo ya rangi iliyopenya kwenye ncha. Hakuna viwili vinavyolingana. Kisha tafuta kosa, kwa mfano tembo mwenye kidoa kimoja pungufu mguuni, halafu tazama upande wa pili wa nguo. Kwa kuwa tabaka zilifungwa pamoja, kosa hilo hujirudia huko kama kwenye kioo. Wafungaji hao hawakuweka sahihi, lakini ukiliona kosa hilo mara mbili, kushoto na kulia, unajua kwamba lilikuwa tendo moja la kidole kimoja. Mafundi wengi wa bandhani wa Kutch ni wa jamii ya Khatri, ambayo ina Waislamu na Wahindu, kwa hiyo ni jambo la kawaida nguo ya harusi ya Kihindu kuwa imepita mikononi mwa familia ya Kiislamu.

Kuhusu umri, usiukadirie kwa wekundu peke yake. Rangi ya kwanza ya viwandani ilipatikana mwaka 1856, na mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani wakafaulu kutengeneza alizarini, ule wekundu ambao kabla ya hapo ulitolewa kwenye mizizi. Tangu hapo watia rangi wa India nao walianza kutumia rangi za dukani. Kitakachokusaidia zaidi ni mwaka wa harusi, na huo unaweza kukumbukwa na wazee wa mtaa.

Mkasi nao una historia yake. Mwaka 1866 John Forbes Watson, aliyesimamia Makumbusho ya India jijini London, alitoa mkusanyo wa vitambaa vya India katika juzuu 18 zenye sampuli 700, ili wenye viwanda wa Uingereza wajue Wahindi wanapenda kuvaa nini na waige. Seti zilikuwa 20. 13 zilibaki Uingereza na 7 zikapelekwa India. Ili kuzipata sampuli hizo, nguo nzima nzima, zikiwemo sari na vilemba, zilikatwa vipande. Juzuu hizo ni hazina, sikatai, kwa kuwa zimehifadhi rangi na mifumo ambayo pengine ingepotea. Hata hivyo kipande hakikuonyeshi palu ilianzia wapi, nguo ilikunjwaje, wala mvaaji alikuwa mrefu au mfupi. Ndiyo maana makumbusho ya leo, kama Victoria and Albert ya London na Calico ya Ahmedabad, iliyofunguliwa mwaka 1949, huthamini sana nguo iliyobaki nzima, hata ikiwa na tundu. Sari yenu ni nzima. Foronya za mito mtazipata sokoni.

Nina ombi moja la ziada, nalo ni la haraka kuliko yote. Andika habari za bibi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za Ziwa zilileta wafanyabiashara na mizigo yao hadi Mwanza, miaka mingi kabla ya reli ya Tabora kufika mwaka 1928. Marekani na kaniki vilivyovaliwa Usukuma vilipimwa kwa yadi kwenye kaunta za maduka hayo, na mara nyingi vilishonwa papo hapo barazani na mafundi kama bibi yako. Makumbusho ya Ulaya na India yana gharchola nzuri kuliko yako, ila sidhani kama kuna hata moja iliyotoka mkononi mwa mke wa mwenye duka ikaingia mkononi mwa fundi wa barazani, ikakaa naye zaidi ya miaka 40 bila kuvaliwa. Ukienda Bujora, pale Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, utaona kwamba ngoma za watemi zina maana kwa sababu kuna mtu anayejua kila moja ilitoka kwa nani. Kaa na mama yako, umwulize duka lilikuwa mtaa gani, mama yule aliitwa nani na watu wa mtaani, alimwambia nini bibi siku ya kumkabidhi. Andika kwa penseli kwenye karatasi safi, na karatasi hiyo ikae pamoja na sari, bila kubanwa kwa pini.

Sasa utunzaji. Itoe kwenye bati, kwa maana bati la zamani hushika kutu, na kutu ikiingia kwenye hariri haitoki. Ondoa pete na saa mkononi, nawa, kausha mikono, usijipake losheni. Nunua marekani mpya, uifue mara mbili kwa maji ya moto ili gundi ya kiwandani itoke, wala usitie dawa ya kulainisha. Omba kwenye duka la vitambaa lile bomba gumu la karatasi linalobaki kitambaa kikiisha. Livishe karatasi ya alumini ya jikoni ili asidi ya karatasi isiifikie nguo, kisha livishe marekani. Zungusha sari juu yake polepole na kwa ulegevu, usiivute, ili vichuguu visikandamizwe, halafu ifunike yote kwa marekani na kuifunga kwa utepe wa pamba. Iweke juu ya kabati lisilogusa ukuta wa nje, kwani unyevu wa Ziwa wakati wa masika huleta ukungu, na ukungu huota upesi hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki kwa kudumu. Ifungue mara mbili kwa mwaka uikague.

Ukiona nondo au vibuu vyao, usikimbilie vidonge vya nafthalini, ambavyo mvuke wake una madhara kwa wanaolala chumbani humo. Funga sari kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uiache mfukoni kwa siku nzima baada ya kuitoa, ili umande uishie nje ya mfuko. Friza iwe ile isiyowekwa sangara.

SWALI: Ndugu mwandishi, sisi ni familia ya Kihindi, babu zetu walifungua duka hapa Musoma. Marehemu shangazi aliacha sari mbili nzito za zari. Sonara mmoja anataka kuzinunua azichome ili atoe dhahabu iliyomo. Amesema vitambaa vyenyewe vimeshachakaa na havina thamani. Tumwuzie?
Msomaji, Musoma

JIBU: La, dada yangu, msimwuzie.

Zari ya kweli, ambayo jiji la Surat limejulikana kwayo kwa muda mrefu, hutengenezwa kwa waya wa fedha uliopondwa ukawa utepe mwembamba kuliko unywele, ukazungushiwa uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Dhahabu yenyewe ni ngozi tu ya juu. Atakachopata sonara wenu kwa wingi ni fedha, na kama zari ni ya daraja la chini atapata shaba, na kama ni ya miaka ya karibuni huenda akapata majivu ya plastiki. Huko India sari nyingi za zamani ziliteketezwa kwa namna hiyo hiyo ili fedha iuzwe kwa uzito, na hiyo ni sababu mojawapo ya nguo kuukuu za zari kuwa adimu leo. Nasikitika kila ninapolifikiria jambo hilo, kwa sababu kilichochomwa kilikuwa miezi ya kazi ya mfumaji, na kilichopatikana ni kidonge cha fedha kisichojaza kiganja.

Mnaweza kuitambua zari bila moto. Itazameni kwa kioo cha kukuzia mahali palipochakaa. Mkiona utepe umeachana na ndani yake kuna uzi wa hariri, wa manjano au mwekundu, hiyo ni ya zamani au imetengenezwa kwa njia ya zamani. Ikiwa imeingia weusi, ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Ikielekea ukijani, ina shaba. Ya plastiki hung'aa vile vile miaka yote lakini hubanduka kama gamba. Weusi huo msiusugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno, maana mtaondoa dhahabu pamoja nao. Mwalimu wa Kirumba naye alizingatie hili.

Jambo jingine ni mikunjo. Zari ni ngumu na hariri ni laini, hivyo nguo ikikaa imekunjwa mahali pamoja kwa miaka mingi, zari hukata uzi wa hariri, na siku mtakapoifungua itapasuka kwenye mistari iliyonyooka. Zizungusheni kwenye bomba kama nilivyoeleza hapo juu, na kila moja iwe na bomba lake.

SWALI: Nilipokuwa masomoni Uingereza nilikwenda kuangalia nguo za Asia Kusini kwenye makumbusho moja. Chumba kilikuwa na giza kiasi kwamba sikuona rangi vizuri, na sari niliyoifuata iliondolewa na kurudishwa stoo. Kwa nini watunze nguo ambayo watu hawaioni?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Kwa sababu mwanga huila rangi na hariri kidogo kidogo, na kinacholiwa hakirudi.

Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi, na kwa nguo nyepesi kama hizi kiwango kinachokubalika ni laksi 50 hivi. Jua la mchana hapa kwetu kando ya Ziwa hufikia laksi 100,000. Madhara hujumlishwa, yaani mwanga hafifu wa muda mrefu hulingana na mkali wa muda mfupi. Kwa hiyo sari ikianikwa kwenye kamba saa moja tu adhuhuri, hupata mwanga sawa na wa saa 2,000 katika chumba kile cha giza, ambazo ni siku 250 za kufungua makumbusho kwa saa nane. Nimeacha kuhesabu ile miale ya jua isiyoonekana, ambayo huzidisha uharibifu na ambayo makumbusho huichuja kwenye madirisha na taa. Manjano itokanayo na bizari hupauka upesi zaidi, nili huvumilia. Ndiyo maana sari hupumzishwa stoo baada ya miezi kadhaa ya kuonyeshwa, na nyingine ikachukua zamu. Mara nyingi stoo hizo hufunguliwa kwa miadi, hivyo safari ijayo andika barua mapema, utaje namba ya kumbukumbu ya sari unayoitaka, na huenda wakakutandazia mezani uione kwa karibu kuliko kwenye kabati la vioo.

Nawe mwalimu wa Kirumba, ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako gharchola ya bibi, isiende shuleni na isitundikwe ukutani. Waje wachache wachache nyumbani, pazia likiwa limefungwa, sari ikiwa imetandazwa juu ya marekani safi mezani, kwa muda wa saa moja. Wape kioo cha kukuzia, uwaambie watafute tembo aliyepungukiwa na kidoa.